Magadi kwenye Chupa ya Mradi

Kwetu anayekukaribisha kinywaji hupiga funda la kwanza yeye. Iwe pombe ya harusi, iwe maji ya kawaida tu, mwenye nyumba anaonja, anafuta mdomo, ndipo kibuyu kinakufikia. Kwa hiyo siku ile, mbele ya kijiji kizima, nilipomsogezea Bwana Meshack chupa yake mwenyewe na kumwambia aanze yeye, sikuvunja adabu ya mtu. Nilikuwa naifuata. Waliosema nimemdhalilisha mgeni, na walisema miaka mitatu mfululizo, wanaijua hiyo desturi kuliko mimi niliyeolewa tu huku.

Ilikuwa Septemba 2003, uwanja wa shule. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, tumekatwa kutoka Arusha mwaka mmoja tu nyuma, na kila baada ya siku chache gari lilikuja na karatasi mpya, mhuri mpya na mtu wa kutueleza tunachohitaji. Zamu ile alikuja Meshack wa mradi wa maji, kijana mpole, shati limepigwa pasi, anawaamkia wazee mmoja mmoja bila kuruka hata mmoja. Akapanga mezani aina tatu za chupa za kuchujia maji. Ya kwanza unainyonya mdomoni. Ya pili unaikamua, maji yanatoka. Ya tatu ina pampu ndogo juu. Zote ndani zina kijiti cheupe, na alisema kazi yote inafanywa na hicho kijiti.

Kisha akasema tuchague.

Jamani, lile neno. Sisi tuliokua tukipanga foleni kwenye duka la ushirika, sabuni ya mche ya aina moja, na ukiipata unashukuru Mungu, ukituambia tuchague tunalewa. Miaka ile Katesh, mji wetu wa karibu, ilikuwa imefurika vitu, sabuni za kila harufu, redio, viatu vya mtumba, na tulishaanza kuamini kwamba mtu anayechagua haonewi. Wanaume wakaipenda ya kukamua kwa sababu inaingia mfukoni mwa koti la kuchungia. Wanawake wakaipenda ya pampu. Wazee wawili wakakosana kabisa juu ya rangi. Hakuna aliyeuliza kama tunachagua kati ya chupa na chupa, au kati ya chupa na bomba.

Mimi nilijua. Nilikuwa katibu wa kamati ya maji, na karatasi ya makubaliano nilikuwa nimeiweka mapajani. Ilisema kijiji kikipokea chupa, hakitahitaji tena bomba la kutoka chemchemi ya mlimani, upande wa Gitting. Bomba lile tulikuwa tumeahidiwa miaka miwili. Mtaro wake tulikuwa tumeshauchimba wenyewe kwa majembe na sururu, kila kaya kipande chake, na mimi kipande cha kaya yangu nilikichimba nikiwa na homa. Karatasi ile ilihitaji sahihi mbili tu, ya mwenyekiti Nikolausi na yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Bashay, kule Mbulu, jirani na chemchemi ambayo ukiinama kunywa meno yanakufa ganzi kwa baridi. Sulle aliponioa nilikuja huku Hirbadaw na meno meupe, na mama mkwe wangu, Mama Marieta, alikuwa akinichekesha makusudi mbele ya wageni ili wayaone. Kisima kirefu cha kijiji chetu kilikuwa na maji angavu mwaka mzima. Na kila mtu aliyekua akinywa maji hayo alikuwa na meno ya rangi ya chai. Hakuna aliyeona ajabu. Meno ya huku ndivyo yalivyo, basi.

Mwanangu wa kwanza, Judica, alipofika miaka minne miguu yake ikaanza kupinda. Polepole, magoti yakiachana, hadi kuku angeweza kupita katikati. Mama mkwe akasema nilimbeba vibaya mgongoni. Jirani akasema nilimharakisha kutembea. Mwingine akasema ni damu ya Bashay, kana kwamba Bashay kuna watu wenye miguu ya upinde. Kila mtu alikuwa na kosa la kunipa. Nililia, sitaficha, nikalia mpaka nikachoka, kisha nikambeba nikampeleka zahanati.

Nesi Kissa, mtu wa Rungwe aliyeletwa na kazi, aliitazama miguu, halafu akamwambia mtoto afungue mdomo. Alikuwa wa kwanza kutonilaumu. Alinieleza kwamba maji ya kisima kile yametoka kwenye mawe yenye floraidi, na floraidi ikizidi inaharibu meno na kupinda mifupa ya mtoto anayekua. Kuchemsha hakuiondoi. Na magadi tunayotia kwenye maharage ili yaive haraka yanaongeza madhara yale yale. Nikamwuliza kama miguu itanyooka. Akasema iliyokwisha kupinda imepinda, lakini mtoto bado anakua miaka mingi, na kila mwaka wa maji yale utaongeza. Dawa ni kubadili maji tu.

Basi nikatupa magadi siku ile ile. Sulle akala maharage magumu miezi na miezi, anatafuna mpaka taya zinalia, na sikumwonea huruma. Lakini kubadili maji sikuweza; nje ya kisima kulikuwa na kijito cha mbali tu, chenye tope na mavi ya ng'ombe. Tumaini langu lote lilikuwa kwenye ule mtaro wa bomba.

Wiki moja kabla ya mkutano, Meshack aliwapa wajumbe wa kamati chupa moja moja za majaribio, zile za kukamua. Sasa niseme ukweli wangu wote. Na mimi nilidanganyika. Niliifuata ile chupa kama mtu anayefuata masharti ya daktari: nikaloweka kijiti, nikamwaga chupa mbili za kwanza, nikapuliza kwa nyuma kila jioni kuondoa uchafu, sikuacha kijiti kikauke. Judica hakunywa tone lisilopita humo. Na kila asubuhi nilichukua uzi nikapima nafasi kati ya magoti yake. Wiki moja. Nilijua ni ujinga, na bado nilipima.

Jumapili nikatoka kanisani, nikakuta maharage niliyoyabandika asubuhi yameiva hadi yamepasuka. Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akamtazama mwanawe. Sulle, ambaye hajui kusema uongo hata akilipwa, akakiri kwamba ametia magadi, ila akasema nisigombe, ametumia akili. Ameyayeyusha ndani ya chupa ya mradi, akayakamulia kwenye kikombe, ndipo akayamimina chunguni.

"Nimeyachuja, Mama Judica," alisema. "Ubaya wake wote umebaki ndani."

Alikuwa anajivunia, maskini. Alidhani ametupatanisha mimi na tumbo lake. Nikaomba kile kikombe. Maji yalikuwa yamebaki kidogo chini, meupe, safi, huoni hata chembe. Nikaonja. Ulimi ukajikunja. Yalikuwa magadi matupu.

Nikakaa chini pale pale jikoni na nguo zangu za kanisani. Kijiti kilikuwa kimezuia mchanga wa magadi, lakini magadi yenyewe yaliyoyeyuka yalipita, na yakalainisha maharage kama kawaida. Basi na kile kilichoyeyuka kwenye maji ya kisima kilikuwa kinapita vile vile, wiki nzima, kinaingia kwa mwanangu huku mimi napima na uzi. Sulle akasubiri nimgombeze. Nikamwambia asante. Hadi leo hajaelewa vizuri ile asante ilikuwa ya nini.

Ndiyo maana siku ya mkutano nilikwenda na kipande cha magadi kwenye ncha ya kanga.

Meshack alipomaliza maelezo yake nikaomba nafasi. Nikachukua moja ya zile chupa za kunyonya, nikajaza maji, nikatumbukiza magadi watu wakiona, nikatikisa, nikafunga na kijiti chake vizuri. Nikamwuliza kama nimeifunga sawasawa. Akaikagua, akasema sawasawa kabisa. Nikamwambia karibu, kwetu anayeleta ndiye anayeonja.

Angeweza kukataa. Alikuwa na chupa yake nyingine pale mezani, maji ya dukani ya kununua, ambayo ndiyo aliyokuwa akinywa tangu asubuhi. Hakukataa, na kwa hilo namheshimu. Akanyonya, akameza. Uso ukamkunjamana, lakini hakutema.

Nikamwuliza anasikia ladha gani.

"Magadi," alisema chini chini.

"Waliokaa nyuma hawajasikia, Bwana Meshack."

Akainua kichwa. "Ni magadi. Chupa hii haikutengenezwa kwa ajili ya hayo, mama. Inazuia vijidudu na tope."

Chupa ikaanza kuzunguka yenyewe, mtu kwa mtu, kila anayeonja anakunja uso. Nikawaeleza aliyonieleza nesi, kwamba kisima chetu hakina tope, kina kitu kilichoyeyuka kama hayo magadi, na kwamba hatuna chupa hata moja pale mezani ya kukizuia. Nilidhani nimemaliza kazi. Nilidhani watu watasimama upande wangu. Wapi. Mmoja akasema kitu cha bure hakirudishwi. Mwingine akasema babu zake walizeeka na meno yale yale. Sanduku za chupa zilikuwa zimeshashushwa kwenye gari, watu wanaziona kwa macho, na bomba hawakuwahi kuliona.

Mwenyekiti Nikolausi ni ndugu wa baba mkwe wangu. Mimi namwita baba. Akasimama taratibu akaniambia mbele ya wote, "Mama Judica, kwa miguu ya mtoto mmoja utakinyima kijiji? Tia sahihi."

Nilijua nikikataa narudi kwenye ukoo ule ule, mlango ule ule. Nikasimama pia.

"Shikamoo nitakupa kila siku, baba," nikamwambia. "Sahihi yangu sikupi."

Nikaandika kwenye muhtasari kwamba katibu amekataa, na sababu, nikaufunga. Sanduku zikarudi garini. Jioni hiyo zikashushwa kijiji cha jirani.

Waliniita Mama Chupa. Nilipofika kisimani wanawake walikuwa wanamaliza haraka waondoke, nisipate wa kunitwika ndoo. Mama Marieta hakula chakula changu mwezi mzima, na alikuwa anaishi nyumbani kwangu. Wazee wa ukoo walimwita Sulle wakamwuliza kama ameshindwa na mke. Akawajibu kwamba kalamu haikuwa yake. Aliporudi akanieleza hayo, akala maharage yake magumu bila neno, nami nikajua sijaolewa vibaya.

Meshack aliniachia ile chupa ya majaribio. Aliisahau, au alijifanya kusahau. Mara mbili kwa wiki nilifunga madumu kwenye punda nikaenda hadi kijito kinachoshuka kutoka mlimani, nusu siku kwenda na kurudi. Maji ya kijito ni matamu, lakini ng'ombe wanapita humo, na mvua ikinyesha ni uji wa tope. Hapo sasa chupa ikafanya kazi yake, na ilifanya vizuri. Sijawahi kusema ni chupa mbaya. Judica akanywa maji hayo tu, baadaye na mdogo wake Evarist aliyezaliwa mwaka uliofuata. Niliandika barua Babati, ofisi za mkoa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, nyingine nikaipeleka mwenyewe nikalala benchi la hospitali kwa kukosa pa kulala. Ya saba ikajibiwa.

Bomba lilifika mwaka 2006, kupitia mtaro wetu uleule uliokuwa umeshaota majani. Watu walikuja na ndoo. Hakuna aliyeniambia pole, hakuna aliyeniambia asante. Walichota tu, na mimi nikachota.

Miguu ya Judica haikunyooka, ila haikuongeza. Uzi uliishia palepale. Evarist alikua na miguu iliyonyooka na meno meupe, na Mama Marieta akasahau kabisa kwamba aliwahi kuninunia.

Januari 2011 Judica akachaguliwa kidato cha kwanza. Nilimshonea sketi ya shule kwa mkono wangu, nikaiacha ndefu hadi karibu na viatu, kwa sababu njia ya sekondari inapita hapo bombani, na asubuhi kijiji kizima kinakuwa hapo. Nilitaka kumkinga na macho. Akaivaa, akajitazama, akaivua akanirudishia.

"Kata, mama. Magotini, kama ya wenzangu."

Nikamwambia watu watamwangalia.

"Waangalie kwanza," alisema, "halafu wachote."

Nikachukua mkasi.