Maoni Chini ya Wembe

Kinyozi hakuwa na feni, hakuwa na kioo kisicho na ufa, hakuwa na kibao mlangoni, wala hakuwa na ujasiri wa kumpinga mtu aliyekaa kitini mwake. Upungufu huo wa mwisho aliuita heshima ya kazi. Mteja akisema mvua itanyesha, itanyesha. Anayefuata akisema haitanyesha, kinyozi huchungulia mawingu na kukiri kwamba kweli, hayana maji.

Siku mkusanya maoni alipoingia, kitini alikuwa seremala, kidevu juu, povu hadi masikioni. Yule dada alikuwa na swali moja tu: wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi shuleni, au wasiruhusiwe?

Seremala aliguna. Kinyozi akaupima mguno ule, akauona una hasira.

"Wasirudi," akasema. "Mtoto akililia wembe, mpe."

"Kabisa," seremala akajibu bila kusogeza taya. "Wasirudi."

Dada akabonyeza simu yake mara mbili, akashukuru, akaenda zake.

Nyuma ya pazia, binti wa kinyozi alikuwa anafua taulo, mtoto mgongoni. Aliacha shule kidato cha tatu. Kamati ya shule ilikuwa imetangaza kwamba itaamua suala lake na la wenzake baada ya kusikia sauti ya wananchi.

Sauti ya wananchi ikatoka redioni wiki iliyofuata: asilimia themanini na moja wanapinga. Wataalamu wawili wakaanza kubishana. Mmoja alisema takwimu zinaonyesha jamii iliyosimama imara katika maadili. Mwenzake akasema la, zinaonyesha jamii yenye hofu ya mabadiliko. Walivutana hadi likaingia tangazo la sabuni, na hakuna aliyeuliza wakati wa kujibu wembe ulikuwa wapi.

Siku hiyo seremala alikuwa amekuja tena dukani, kupunguza ndevu. Binti akafunua pazia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Baba, kwenye hiyo themanini na moja, nawe umo?"

Kinyozi akaanza kunoa wembe uliokwisha kunolewa. "Mwanangu, nilikuwa na mteja. Huyu hapa aliguna. Ningembishia mtu na povu usoni?"

"Ati mimi?" Seremala akageuka. "Niliguna kwa sababu povu liliniingia puani! Wewe ndiye uliyesema wasirudi. Nikajiambia, ndugu yangu huyu ana uchungu na binti yake, nikimpinga na wembe uko kooni, nani atanilelea wanangu?"

"Kwa hiyo wewe ulitaka warudi?"

"Warudi, bwana! Huyu akae kufua taulo hadi lini?"

"Basi mmeninyima shule kwa adabu," binti alisema. Hakucheka. "Na kamati inakaa kesho."

Baba yake alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaomba kalamu. Aliandika kwamba yeye ni mzazi, kwamba aliulizwa akajibu asichoamini, na kwamba anaomba binti yake arudi darasani. Mkewe atamlea mtoto. Akaweka jina lake lote, kisha akamsogezea seremala karatasi.

Seremala akajikuna ndevu ambazo zilikuwa zimepunguzwa upande mmoja.

"Unajua, madawati ya shule ile natengeneza mimi. Niandike tu 'mwananchi mpenda maendeleo.'"

"Huyo hana mtoto shuleni," kinyozi akasema, akaivuta karatasi upande wake. Ndiyo mara ya kwanza seremala kukataliwa neno katika duka lile.

Binti aliisoma barua akiwa amesimama, huku akimtikisa mtoto.

"Futa hapa, Baba. Umeandika 'kwa unyenyekevu' mara tatu. Umeshanyenyekea vya kutosha."

Akafuta zote tatu. Akakunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuikandamiza kwa dole gumba. Akamwacha seremala na nusu ya ndevu zake, akatembea hadi shuleni akiwa na aproni, akamkabidhi bawabu, na akasimama getini mpaka alipoiona bahasha inaingia ofisini.