Viatu vya Darasa Jipya

Saa tisa na nusu alasiri mwalimu wa madrasa alihesabu ndala mlangoni kabla ya kuhesabu wanafunzi, maana ndala hazipigi kelele. Jozi ishirini na sita. Akavua viatu vyake vya ngozi, akaingia darasa jipya ambalo bado lilinukia saruji.

Darasa lilisimama palipokuwa shamba la bamia la mjane wa jirani. Watoto walimwita Bibi Bamia, na bamia ndizo zilizomlisha. Mwenyekiti wa kamati ya madrasa alimwambia kwamba ardhi ikishatolewa kwa ajili ya dini haiulizwi tena. Mjane hakuwa ameitoa, lakini matofali yalikuwa yamekwisha kufika. Mwalimu alilijua hilo. Alikuwa amefundisha miaka minane chini ya turubai linalovuja, akaona heri anyamaze.

Somo la siku hiyo lilikuwa haki za jirani. Vijana wakazitaja mmoja mmoja: usimuudhi, usimnyime, usimchukulie chake. Walipotoka, mlangoni hapakuwa na kiatu hata kimoja. Alama za ndala zilikwenda mchangani mbili mbili, za wadogo mbele, mpaka kwa Bibi Bamia. Huko wakazikuta kibarazani zimejipanga kwa adabu kuliko siku zote, mjane akizifuta vumbi kwa kitambaa.

"Zimekuja zenyewe," alisema. "Chukueni, wajukuu zangu. Na hivi vya ngozi ni vya nani?"

"Vyangu, mama," mwalimu alijibu. Aliona aibu, akavaa harakaharaka.

Kesho yake ikawa vilevile, ingawa walisoma udhu. Ijumaa viatu vya baba zao navyo vikaondoka msikitini, vya mwenyekiti vikitangulia, kwani kiongozi ni kiongozi. Wanaume wakavifuata pekupeku, wakamjulia hali mjane. Akawaambia kwamba siku hizi mboga ananunua. Walisikitika, tena kwa dhati, wakavaa viatu, wakaenda zao.

Binti wa fundi cherehani, mkubwa kuliko wanafunzi wote, ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu, kwa nini tusimrudishie shamba lake?"

"Tutasomea wapi?"

"Si tulipokuwa tukisomea?"

Mwalimu akatazama dari. Mvua zilikuwa karibu.

"Fungueni ukurasa unaofuata," alisema.

Kamati ilikutana. Hakuna aliyebisha kwamba viatu vilikuwa na njia yao. Ubishi ulikuwa juu ya matope. Mwenyekiti akasema jirani ni wa kuheshimiwa, na haifai kumjazia kibaraza viatu vya watu. Ikakubaliwa ajengewe rafu ya mbao yenye paa la bati, ya jozi sitini. Mwalimu naye akanyoosha mkono.

Kibarazani rafu haikuenea. Seremala akaipima upya nyuma ya nyumba, kwenye matuta manne ambayo mjane alikuwa amebakiwa nayo. Aling'oa bamia taratibu, asizivunje, akamkabidhi mwenyewe. Vijana wakasaidia kubeba mbao, kwa kuwa kumsaidia jirani kuna thawabu. Kazi ikaisha kwa siku mbili na watu wote wakaisifu.

Siku ya kwanza ya mvua viatu vilikwenda moja kwa moja rafuni. Hakuna kilicholowa. Wanafunzi walivifuata, kila mmoja akachukua vyake.

"Mwambie mwenyekiti nashukuru," mjane alimwambia mwalimu. "Rafu ni nzuri. Ila muulize, mwanangu, nitapanda wapi?"

"Nitamwuliza, mama."

Wote wawili walijua hatamwuliza. Binti wa fundi cherehani alikuwa amesimama karibu nao, akasikia kila neno. Mwalimu akamtazama, akingoja aseme kitu, na moyoni alitamani aseme.

Binti akavaa ndala zake, akamuaga mjane kwa heshima zote, akaenda kwao.