Garneti ya Wageni

Karakana yetu ilikuwa na magunia ya aina mbili. Ya mchanga wa mtoni yalilala uani, hata paka wakayafanya choo. Ya garneti, chenga nyekundu nzito zinazokwaruza kama meno, Baba Mdogo aliyafungia stoo na ufunguo akauvaa shingoni.

Kazi yetu ni kung'arisha chuma kwa upepo. Kompresa inasukuma, mpira mrefu wa upepo unatema chenga, kutu inabanduka mpaka chuma kinakuwa tayari kupakwa rangi. Garneti hukata bila vumbi jingi. Mchanga ukigonga chuma hupasuka ukawa unga, na unga huo ulikuwa umeshahamia kifuani mwa kaka yangu. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yenye makovu, akamwambia mchanga basi. Kaka aliiweka picha juu ya kabati, kesho yake akavaa kofia yake yenye kioo usoni akaenda kazini.

Wenye matangi tuliyosafisha walikuwa wamekataza mchanga. Injinia wao akija, Baba Mdogo alifungua stoo, kaka akapiga garneti ubavu mmoja wa tangi mbele yake. Akiondoka, tunafagia, tunachekecha, tunairudisha ndani kama sahani za wageni.

"Baba Mdogo," nilimwambia, "kaka anakohoa damu. Mpe garneti."

Hakuinua macho kwenye simu. "Wewe unayeandika mashairi kwenye mlango wa choo ndiyo unanifundisha kazi? Mimi nimepiga mchanga tangu ujana. Nimekufa?"

"Ulipiga mpaka ukapata wa kukupigia."

Kaka akanikata jicho. "Dogo, funga mdomo. Huyu ndiye aliyetulea."

Kweli alitulea. Hata kuku hulelewa.

Injinia alipokuja tena na kuondoka, kufagia kulikuwa zamu yangu. Nilijaza mchanga kwenye magunia ya garneti, nikatandaza wekundu kidogo juu, nikayarudisha stoo mbele ya macho ya Baba Mdogo. Garneti yenyewe niliitia kwenye magunia machafu ya uani. Sijutii. Ningeweza, ningeiba na kompresa.

Asubuhi kaka akiwa ameshavaa kofia, nilimimina garneti kwenye pipa la kulishia mpira, nikafungua koki.

Siku zote kaka akianza kazi hupotea kwenye wingu jeupe. Siku hiyo nilimwona. Niliona mabega yake, miguu aliyoikita chini kama nguzo, mkono unaopita juu ya chuma taratibu kama unampaka mtoto mafuta. Kutu iliporomoka. Hakukohoa. Kichwani mwangu beti zilianza kujipanga zenyewe, na zilikuwa za furaha, mimi nisiyejua kuandika furaha.

Kisha akainua mkono. Nikafunga koki. Alivua kofia, akatazama hewa safi iliyomzunguka, akaja kuchota kiganja kimoja pipani.

"Nani katia hii?"

"Piga kazi, kaka. Hakuna anayekuona."

"Nimekuuliza."

"Mimi. Ni yako. Imenunuliwa kwa ajili ya kazi yako."

"Ni ya Baba."

"Baba Mdogo."

"Kwangu hana udogo." Akageuka, akamwita.

Baba Mdogo alikuja akiburuza kandambili. Kaka alimwambia, "Dogo amechanganya magunia. Bahati mbaya." Alinificha mimi, akamrudishia Baba Mdogo garneti yake. Mpaka leo sijui nimchukie kwa lipi.

Baba Mdogo hakuwa mjinga. Alinitazama, akacheka puani. "Haya mashairi haya." Kisha akaenda kwenye gari, akarudi na kitambaa kipya, bado kina mikunjo ya dukani, akamnyooshea kaka. "Jifunge puani, mwanangu. Wewe ndiye mtu."

Kaka alikipokea kwa mikono miwili.

Alimwaga pipa mwenyewe, akachekecha chenga mpaka ya mwisho, akalijaza mchanga. Akajifunga kitambaa, akavaa kofia, akashika mpira.

"Fungua, dogo."

Nikaficha mikono mgongoni.

"Fungua."

"Fungua mwenyewe."

Akaweka mpira chini, akaja, akafungua koki bila kunitazama, akarudi mbele ya tangi. Wingu likapanda. Ikapotea miguu, yakapotea mabega, ikapotea kofia. Ukabaki mngurumo wa mpira, na ndani yake, kikohozi.