Nyumba Namba 83

Mume wangu Ndeti aliondoka nyumbani Jumatano, tarehe kumi na mbili Julai mwaka 2000, akiwa amebeba viazi vitamu kwenye karatasi ya gazeti. Alikuwa akivunja mawe kwenye machimbo upande wa Athi River. Saa kumi jioni walikuja watu wawili wakasimama mlangoni, hawakutaka kukaa. Nilijua kabla hawajasema. Mawe yalikuwa yamemwangukia.

Naandika haya ili nisisahau yaliyofuata, kwa sababu tayari siku zinaanza kuchanganyika.

Wakati huo nilikuwa karani wa chakula cha msaada pale Kithimani. Mvua ilikuwa imekosa na kila nyumba ilijaza fomu. Bartholomew, fundi wa kompyuta kutoka Machakos mjini, alitutengenezea majedwali mawili. Moja lilikuwa la nyumba: namba ya nyumba na jina la mkuu wake. La pili lilikuwa la watu: jina, umri, na namba ya nyumba anayoishi. Kwenye skrini alichora mstari kutoka jedwali moja hadi lingine. Upande wa nyumba kulikuwa na moja, upande wa watu alama kama nane iliyolala. "Nyumba moja, watu wengi," alinieleza. Niliitikia kama mtu aliyeelewa.

Wiki saba baada ya kifo chake, Jumatano vilevile, mwenyekiti wa kamati, Bwana Musembi, aliniletea majina kumi na tisa ya wakuu wa nyumba waliokufa.

"Hawa watolewe leo," alisema. "Kesho lori linakuja saa mbili, na asiye kwa orodha hapewi. Hatuwezi kugawia makaburi mahindi." Halafu akanikumbuka, akakohoa. "Pole, mama Mumo."

Jina la Ndeti lilikuwa la saba.

Nilifungua jedwali la nyumba nikaanza kufuta. Kila mara kompyuta iliuliza swali refu kwa Kiingereza. La kwanza nilisoma nusu. Nilipofika namba 83 sikusoma kitu, nilibonyeza ndiyo haraka ili jina lipite.

Saa sita nikaangalia jumla ya watu. Asubuhi ilikuwa 1,906. Nilitegemea 1,887. Kompyuta ilisema 1,794.

Nilitafuta jina la Mumo, mwanangu. Hakuwepo. Mwelu, dada yake, hakuwepo. Kalondu, mama mkwe wangu, hakuwepo. Mimi pia sikuwepo. Nikaita fundi kwa sauti.

Bartholomew alikuwa chumba cha pili akitengeneza printa. Alikuja, akatazama, akavua miwani.

"Umefuta kwa jedwali gani?"

"La nyumba. Jina la marehemu si liko hapo?"

"Mama Mumo, hapo ukifuta, unabomoa nyumba na wote walio ndani. Ule mstari unawafuata. Ungebadilisha mkuu, halafu umtoe marehemu kwa jedwali la watu. Yeye peke yake."

"Rudisha basi."

"Hairudi. Kopi yangu iko Machakos, na ni ya kabla uingize majina ya Yatta yote. Fomu uko nazo?"

"Ziko kwa boksi."

"Watu tisini na tatu," alisema. "Wako hai, na kesho hawatakula. Kaa chini."

Kamanthe, anayetupikia chai, alikuja kunisomea fomu nikiandika. Nilianza na watu, kompyuta ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa.

"Haipokei mtu asiye na nyumba," Bartholomew alisema bila kugeuka. "Anza na nyumba."

Tukaanza na nyumba. Niliharakisha hata nikakosea majina ya watu ninaowajua. Kamanthe alijaribu kunituliza.

"Aiya, huyu Wathome ameandika watoto kumi na mmoja! Ile nyumba iko na vitanda viwili. Wanalala kwa zamu?"

Nilicheka, na nikaogopa kwamba nimecheka.

Kisha akachukua iliyofuata. Ilikuwa fomu ya 83. Ndeti aliijaza mwenyewe mwezi wa Juni, kwa zile herufi zake kubwa zinazolalia kushoto. Ndeti, Nduku, Kalondu, Mumo, Mwelu.

"Nikusomee?" aliuliza.

"Nipe tu."

Niliandika namba. Sehemu ya mkuu wa nyumba nikaiacha wazi, nikaruka. Kompyuta ikakataa. Kwetu mtu akifa boma hubaki na jina lake. Kwa jirani yetu Ndunda bado ni kwa Ndunda, na alikufa nikiwa darasa la tatu. Nilitazama saa ya ukutani: kumi na robo, na fomu sita zilikuwa zimebaki. Mumo alikuwa amekunywa uji mtupu asubuhi.

Nikaandika langu: Nduku.

Ikapokea. Nikaingia mimi, Kalondu akaingia, Mumo akaingia, Mwelu akaingia. Saa kumi na moja na nusu jumla ilikuwa 1,887, na printa ikaanza kunguruma.

Watu bado wanasema wanakwenda kwa Ndeti. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi karani wa lori anaita namba 83, Nduku, na mimi nakwenda mbele kuchukua mahindi.