Bunju Aliyelishwa Laini

Aliyeketi kwenye kibanda cha Bi Rohaya, kilichosimama juu ya nguzo pale Sungsang, mto unapoingia baharini, alisalimiana kwanza na Juragan. Bunju huyo, samaki wa sumu ajivimbishaye akitishwa, mkubwa kiasi cha dole gumba, aliishi katika tangi la kioo mbali kidogo na karai la mafuta, na hakuwa na haya hata kidogo. Mgongo wake wa kahawia ulichorwa pete za manjano zilizoshikana mbili mbili. Tumbo lake lilikuwa jeupe kama wali. Macho yake yalizunguka kama ya kinyonga, moja likimpeleleza mteja, jingine likimfuata mwenye kibanda. Tangu Bi Rohaya afiwe na mumewe, ndiye pekee aliyemchangamkia alfajiri.

Naye Bi Rohaya alimlipa kwa kitu bora alichokuwa nacho: pempek zake mwenyewe, samaki wa kusaga na unga wa sago, laini kama shavu la mtoto.

Lakini sasa Juragan alikuwa hataki kula. Alikisogelea kitonge, akakigusa kwa midomo, kisha akarudi pembeni, mkia ameukunja ubavuni.

"Huyo amezikinai pempek zako," alisema Sarkowi, fundi wa injini za mashua, akichovya yake kwenye mchuzi wa siki. "Hata mimi ningegoma, ila sina pengine pa kwenda."

"Goma basi. Lete hiyo sahani."

"Ah, natania, dada yangu! Mtie chumvi, atachangamka."

"Maji yake nayateka hapa chini ya sakafu, bahari na mto vikishachanganyika. Chumvi gani tena? Unataka nimfanye ng'onda?"

"Basi mkaange."

"Nikukaangie wewe. Kesho tukuzike, na sumu yake tumboni."

Wateja wakacheka. Bi Rohaya hakucheka. Alikuwa amesikia mlio mkavu chini ya miguu yake, akapiga magoti na kuchungulia kati ya mbao. Maji yalikuwa yakijaa, na bunju wa mikokoni walikuwa wameizingira nguzo ya kibanda. Mmoja alimng'oa konokono, akamtafuna na gamba lake, akatema vipande.

Alinyanyuka taratibu, akamtazama Juragan mdomoni. Meno yake manne, yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, yalikuwa yamerefuka yakapitana. Hayakuweza tena kufunguka. Ya wenzake yalisagwa na magamba kila siku. Ya huyu yangesagwa na nini, sago?

"Sarkowi," alisema kwa sauti ndogo, "ni mimi ninayemuua. Nimemdekeza."

"Nina koleo hapa."

"La injini? Weka huko! Nishikie samaki."

Alileta kikata kucha. Sarkowi alimzungushia Juragan kitambaa ndani ya beseni, chini ya maji, asije akameza hewa. Papo hapo bunju akawa mpira.

"Amevimba! Kama mama mkwe wangu!"

"Usimbinye. Ngoja atulie."

Wakangoja. Juragan alipoanza kunywea, Bi Rohaya aliomba Mungu kimoyomoyo, akakata ncha ya jino. Kisha nyingine.

Walimrudisha tangini, wakamdondoshea konokono mmoja mdogo aliyebanduliwa kwenye ngazi. Juragan alibaki pembeni. Hakuna mteja aliyetafuna; mafuta pekee yakaendelea kuchemka. Hatimaye jicho moja likageuka. Akaja, akasita, akauma.

*Krak.*

Kipande cha gamba kikashuka mchangani. Akauma tena.

"Mungu mkubwa!" Sarkowi akapiga paja. "Anakula kama aliyetoka kufunga!"

Bi Rohaya alifuta macho kwa kiwiko, akakwapua kikapu, akakunja saruni yake hadi magotini na kuanza kushuka ngazi.

"Unakwenda wapi? Na wateja je?"

"Konokono mmoja atamtosha nini? Wewe geuza hizo pempek, zinaungua!"