Jina la Toader Upande wa Marehemu

Haya nilisimuliwa na mama mkwe wangu, Saveta, mwaka ule theluji ilipovunja paa la zizi, tukichambua maharage. Yalimpata yeye mwenyewe.

Kanisa letu la mbao zamani lilikuwa bondeni. Mto ulipozidi kula ukingo, wazee walilifunga kamba, wakaliburuta kwa ng'ombe juu ya magogo hadi hapa kilimani. Kanisa likahama, makaburi yakabaki. Ndiyo maana Jumamosi ya Wafu, padri akisoma majina, mlango wa upande wa bondeni huachwa wazi, ili wa kule chini wasikie.

Kila nyumba hupeleka karatasi yake: upande huu walio hai, upande ule marehemu. Mwaka huo Saveta aliandika haraka haraka, ugali ukimuungulia jikoni. Kanisani akamsikia Padri Zaharia: "Todosia, Gavrila, Toader..."

Toader alikuwa mumewe, na alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi.

Jirani Fironica akamfinya Saveta. "Dada, umemchoka kiasi hicho?"

"Nyamaza bwana! Nimekosea upande."

Watu wakacheka, Toader naye. Padri hakungoja kusahihishwa. Alikuwa na makanisa mengine mawili siku hiyo, akapanda mkokoteni wake akaenda.

Mchana Toader akasukuma sahani. "Nimeshakula."

"Umekula wapi, na hujatoka hapa?"

"Kwa bibi Todosia."

Viatu vyake vilikuwa na tope la mto, na mvua haikuwa imenyesha wiki tatu.

Kwetu inajulikana: aliyekula kwa wafu, jua likizama kabla hajaachiliwa, kesho hayupo. Saveta hakubishana. Alichukua sahani ile ile akateremka bondeni, hadi palipokuwa altare ya kanisa la zamani, kile kipande cha nyasi kisicholimwa na mtu. Nyasi zilikuwa zimelala kwa duara, kama zilizokaliwa na watu wengi. Pengo moja tu lilikuwa halijakaliwa.

Akaweka sahani kwenye pengo.

"Bibi Todosia, ni mimi, mke wa mjukuu wako. Kosa ni la mkono wangu. Hii ndiyo sehemu yake, kuleni ninyi. Yeye niachieni, bado namtaka."

Nyuma yake mwanamke mzee akakohoa. Saveta hakugeuka. Akapanda kilima, na nyayo zikamfuata, polepole, mpaka mwisho wa nyasi. Hapo zikakoma. Jua lilikuwa bado limeshika msalaba wa kanisa.

Nyumbani Toader alikuwa anapekua kabati. "We mwanamke, unataka nife njaa? Jibini iko wapi?"

Akala sahani mbili, akajilaza. Saveta akamwekea mkono kifuani, akahesabu pumzi zake gizani, hata zikageuka mkoromo ule mkubwa, ambao miaka yote alikuwa akiukatiza kwa teke.

"Koroma, mume wangu," akasema. "Koroma."

Naye usingizi ukamchukua, mkono bado pale pale.