Fomu ya Nyani Mferejini

Mwaka wa sabini na nane, elimu ya juu ilishuka Majengo, Pumwani, ikiwa imebeba kigoda cha kukunja na kalamu nne. Jina lake Andati. Alikuwa ametumwa na chuo kuchunguza tabia za watu wanapoteka maji, akapiga kambi mbele ya mfereji wa mtaa, hatua tatu kutoka karai la mahamri la Bi Kibibi. Kila asubuhi alinunua mahamri mawili, akasema "Ahsante, mama," kisha akawatazama wanawake wa foleni kama mtu anayesubiri mayai yaanguliwe.

Kibibi hakuwa na neno naye. Kijana alikuwa na adabu, na alikula vizuri. Hata karatasi zake zilizoharibika alimpa Kibibi za kufungia mahamri.

Sasa, asubuhi za pale zilikuwa na mambo yake. Zaitun akitokea na debe lake, Kibibi humpokea kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima: "Haya, Mzigua mwizi wa ndoo amefika! Ficheni vyombo!"

"Nyamaza, mpagazi wee! Babu yako alibeba mizigo mpaka shingo ikazama kifuani. Ndiyo maana na wewe huna!"

Zaitun hurusha ngumi hewani, Kibibi huinua upawa wa kuopolea mahamri, na foleni nzima hushika mbavu. Babu zao, Mnyamwezi na Mzigua, walikuwa watani, na utani hurithiwa kama jina la ukoo. Mtani hukutukana apendavyo, na aibu ni ya anayekasirika. Kila mtoto wa Majengo hulijua hilo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Andati hakuwa mtoto wa Majengo. Alikuwa akiandika.

Wiki ya tano, siku ya Ijumaa, tangazo lilibandikwa ukutani. Kwa kuwa utafiti umethibitisha ugomvi mkubwa mahali hapa, mfereji utafungwa Jumatatu. Wakazi watateka maji karibu na soko la Gikomba, chini ya ulinzi wa askari.

Kibibi alilisoma mara mbili. Gikomba! Na debe kichwani, kwa magoti haya? Unga ukandwe kwa mate?

Kibibi alikuwa bado anafoka wakati Laban, fundi wa viatu, alipomaliza hamri lake na kuikunjua karatasi iliyolifungia.

"Bi Kibibi, hii umeitoa wapi?"

"Kwa yule msomi. Kwani ina nini?"

"Ni Kiingereza. Inasema: kuonyesha meno, mara ngapi. Kurusha mkono, mara ngapi. Kumfukuza mwenzake majini, mara ngapi. Na hapa juu..." Laban akakohoa.

"Sema, fundi."

"Hapa juu panauliza kundi hili lina nyani wangapi."

Mahamri ya karai lile yaliungua yote. Kibibi aliikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la leso yake, na kwa siku mbili hakumtukana hata Zaitun.

Jumatatu, mkubwa wa ofisi ya maji aliwasili na kufuli lenye ukubwa wa kiatu. Andati alikuwa nyuma yake, ameshika ripoti. Kibibi akasimama mbele ya mfereji.

"Mwanangu," alimwambia Andati, akiifungua ile karatasi kutoka pindo la leso, "mimi ni nyani namba ngapi?"

Andati aliiona karatasi, akajaribu kucheka, ikashindikana. "Mama, fomu hii imetembea sana. Mwalimu wetu aliianza na nyani kweli, huko mbugani. Madaktari wakaichukua wakachunguzie wauguzi. Wenye viwanda wakachunguzia wafanyakazi. Wauza sabuni wakachunguzia wanunuzi dukani. Tabia ni tabia. Tulibadilisha maneno machache tu."

"Na hilo la juu likawashinda kufuta?"

"Mama, ondoka njiani," alisema mkubwa wa maji. "Ripoti inasema wewe na huyo Zaitun mmegombana mara mia mbili na kumi na mbili."

"Mara mia mbili na kumi na mbili!" Zaitun alidakia kutoka kwenye foleni. "Uongo! Ni zaidi! Nyingine zilikuwa Jumapili, msomi amelala!"

Watu wakaangua kicheko. Kibibi hakucheka.

"Mama yangu alipofariki," alisema, "mikono yangu ilikataa kufanya kazi. Huyu mnayemwita adui yangu ndiye aliyemwosha. Ndiye aliyemvika sanda. Na akanitania pale pale matangani mpaka nikameza chakula, baada ya siku mbili. Hilo umeliandika wapi, mwanangu? Nionyeshe mstari."

Andati akaitazama fomu, juu mpaka chini. "Hauko."

"Kwenu hakuna mtu anayekutukana ukacheka?"

"Babu yangu," akasema kijana. "Huniita mwizi wa mke wake. Hunifukuza na fimbo nikifika tu nyumbani."

"Akirusha mkono?"

"Ndiyo, mama."

"Na akionyesha meno?"

"Anayo mawili."

"Ulimjazia fomu?"

Andati alifungua ripoti, akachomoa ukurasa wenye sahihi yake, akautia mfukoni. Mkubwa wa maji alimkodolea macho, akaukodolea ukurasa uliokuwa haupo, kisha kufuli. Alisema jambo hilo litatazamwa upya. Akaondoka na kufuli lake, bila kumwomba radhi mtu yeyote, na hajaomba mpaka leo.

Kesho yake Andati alikuja bila kigoda. Alikuwa na karatasi nyeupe, isiyo na mistari, na hakujua asimame wapi. Zaitun akateremsha debe.

"Wee nyani wa chuo! Unasimama nje ya foleni kama nani? Pita nyuma!"

Andati akamgeukia Kibibi, kalamu i hewani.

"Hilo usiandike," alisema Kibibi, akimfungia mahamri mawili. "Mjibu."